Mifupa Kabatini? Ya Nani?

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Kabati ni neno la Kiswahili au la Kiingereza? Na kama ni la Kiingereza, ile p ya cupboard ilipotelea wapi?"

Haikupotelea kwetu. Waingereza wenyewe waliimeza zamani, wakaibakiza kwenye maandishi tu. Neno hilo wanalo tangu karne ya 14: cup ni kikombe, na board, kwa matumizi ya enzi hizo, ilikuwa meza. Basi ilikuwa meza ya kupangia vikombe na vyombo vya fedha ili wageni wavione. Mambo ya milango yalikuja baadaye. Sisi tuliliokota kwa sikio, d ya mwisho ikawa t, irabu ikaongezwa, tukapata kabati. Ni la kukopa, na sasa ni letu, kama ilivyo meza tuliyoipata kwa Wareno. Ngeli yake ni LI-YA: kabati langu, makabati yangu. "Kabati yangu" naisikia kila siku, hata kwa maseremala wa Keko, Dar es Salaam, wanaoyatengeneza, na nimeshachoka kugombana.

Kuonyesha vyombo, hata hivyo, hatukufundishwa na Mwingereza. Nyumba za mawe za Lamu zina zidaka, vishubaka vya ukutani vilivyonakshiwa kwa chokaa, safu juu ya safu, na humo zikipangwa sahani na bakuli za kauri kutoka Uchina.

Sasa kwa kuwa umelifungua kabati, ngoja nikwambie kinachonikera humo. Kila uchaguzi ukikaribia, hakosi mwandishi wa kutuletea sentensi ya aina hii: "Mgombea huyo ana mifupa mingi kabatini." Mifupa! Msomaji wa Kiswahili akisikia mifupa anafikiria supu, au kuku wa jana. Atajiuliza huyu mgombea ni mchafu kiasi gani hata asitupe mabaki. Kumbe ni tafsiri ya msemo wa Kiingereza, skeleton in the cupboard, yaani aibu iliyofichwa, na Mwingereza alikusudia kiunzi kizima cha maiti kilichofichwa ndani ya nyumba. Mfasiri wetu akakivunjavunja, akatuletea vipande. Halafu hiyo "mingi" ni ya nini? Mtu mzima mmoja ana mifupa 206. Mingi, naam, lakini ni marehemu mmoja tu. Au mgombea ameua kumi? Na kabati lenyewe ni lipi, la nguo au la vyombo? Mmarekani akisema msemo huu hutaja closet, chumba kidogo cha nguo. Mwingereza hutaja cupboard. Wao wenyewe hawajakubaliana maiti alale wapi, sisi tumeshamchongea kabati.

Ningenyamaza kama tungekuwa na upungufu. Hatuna. Mtaani na bungeni watu wanasema fulani ana makandokando, na kila mtu anaelewa kwamba kuna mambo yake ya pembeni yasiyo safi. Hakuna anayeomba ufafanuzi. Anayeibua mambo ya zamani anaambiwa anafukua makaburi, na hapo ndipo mahali pa mifupa kwa mila zetu: kaburini, si sebuleni karibu na glasi za wageni. Wanaofichiana aibu wanaambizana, "Funika kombe mwanaharamu apite." Na ukitaka kusema kwamba wa ndani ndiye ajuaye yaliyofichwa, siri ya mtungi aijuaye kata. Mtungi, kata, kombe: vyombo vya ndani ya nyumba zetu vimeshaifanya kazi hii, tena kwa ufasaha kuliko hilo kabati.

Nimewahi kuambiwa kwamba lugha hukua kwa kukopa. Sawa, na ndiyo maana sijaligusa neno kabati. Aliyelikopa alikuwa na kitu mbele yake kisicho na jina, akachukua jina, akalikata na kulishona mpaka likamkaa. Wa mifupa kabatini hakuwa na shida yoyote. Alikuwa na habari ya Kiingereza mbele yake na saa ya kupeleka gazeti mtamboni imewadia.

Ruhusa natoa moja tu: hadithi ya upelelezi, askari amevunja kufuli, mlango umefunguka, mifupa imemwagika sakafuni. Hapo andika mifupa kabatini bila wasiwasi, ila utuambie lilikuwa kabati la nguo au la vyombo.