Usidai Kazi, Iombe

Wiki hii maswali ya Kiingereza yametoka pande zote za Goma, na baadhi yana mzazi mmoja: Kifaransa cha shule.

Mwalimu, niliandikia shirika moja barua ya kazi nikaanza na "I demand a job". Mdogo wangu anayesoma Gisenyi, upande wa Rwanda, alicheka hadi akatoa machozi. Kosa liko wapi?

Mwanangu, barua yako haikuomba kazi. Ilidai kazi, kama mwenye nyumba anavyodai kodi ya miezi mitatu. Umeitoa kwenye "je demande" ya Kifaransa, yaani "naomba", na mtego uko hapo. Mwaka 1066 Wanormandi waliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na ya mahakama. Mkulima aliendelea na "ask" yake. "Demand" ilikomaa kortini, ambako mtu hasemi "naomba", anasema "hii ni haki yangu, nipeni". Huko Ufaransa neno likabaki laini, kwa Waingereza likabaki na ukali wa korti. Andika "I am applying for". Ukitaka maelezo tu, "I would like to ask".

Jozi za namna hiyo ni nyingi: "begin" na "commence", "buy" na "purchase". Sisi tuliosomea Kifaransa tunalikimbilia la pili kwa kuwa linanukia Kifaransa. Si kosa la sarufi, ila mtu anayetaka ku-"purchase" sambaza, samaki wadogo wa ziwani, anasikika kama karani wa mahakama, na mama wa sokoni ana haki ya kumpandishia bei.

Na mimi niliandika "I assisted a training". Nimekosea?

Kifaransa "assister à" ni kuhudhuria, lakini kwa Kiingereza umesema ulisaidia kuyaendesha mafunzo, labda ulipanga viti. Kuhudhuria ni "attend". Najua, "attend" nayo inafanana na "attendre", kungoja, lakini kungoja ni "wait". Hili lilinisumbua miaka mingi. Siku moja, pale mpakani Grande Barrière, nilimwambia mgeni "I attend you here", yaani nakuhudumia hapa, akaniuliza kama mimi ni muuguzi.

Nyiragongo ni "tall" au ni "high"? Kwetu ni mrefu tu.

"High". Kiswahili kinalibebesha neno moja, -refu, mizigo ambayo Kiingereza kimeigawa. Mtu, mti, mnara, kitu kilichosimama na chembamba kuliko kimo chake, ni "tall". Mlima umetandaa chini. Tunachotazama ni kilele kilivyo mbali juu, na cha Nyiragongo kiko mita 3,470. Ziwa letu la Kivu nalo, ukilipima kutoka kaskazini hadi kusini, kilomita karibu 90, ni "long". Ukishuka chini, mita karibu 480, ni "deep". Ukisema tu "Kivu ni refu", Mwingereza atakuuliza: kwenda wapi?

"Job" na "work"?

"Job" inahesabika, "work" haihesabiki. "I have a job", "I have work". Ukimaanisha ajira, usiseme "a work" hata siku moja.

Mwalimu, sisi wa Birere tunabishana: "house" na "home" si kitu kimoja?

"House" ni kuta na mabati. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipopita katikati ya mji ilimeza "houses" kwa maelfu. Watu walirudi wakajenga juu ya makoro yaleyale, mawe ya lava iliyopoa, kwa sababu hapo ndipo "home". Kiswahili kinaitenganisha kwa herufi mbili tu: nyumba, nyumbani. Kwa hiyo mlijua tayari, mlikuwa mnabishana kwa raha zenu.

Mvua kubwa ni "big rain"?

"Heavy rain". Usiniulize kwa nini mvua ina uzito na upepo una nguvu, "strong wind". Nasi tunasema jua kali na usingizi mzito, hakuna aliyewahi kutueleza sababu. Maneno haya yameoana zamani, yaandike daftarini yakiwa wawili wawili. Ukiandika "heavy" peke yake, kesho utaibebesha jua.