Fundi tuambie: nimepuliza rangi nyumbani, gari limebaki na kiraka

SWALI: Fundi shikamoo. Bajaji ilinikwaruza fenda ya mbele, nina Toyota IST silva. Nikanunua rangi ya kopo ya kupuliza, nikabandika tepu kuzunguka mkwaruzo nikapuliza mwenyewe. Sasa pana kiraka cha mraba kinaonekana toka ng'ambo ya barabara, kibaya kuliko hata mkwaruzo. Nafanyaje? Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole. Kilichokuangusha zaidi ni hiyo tepu. Ukiibandika jirani na mkwaruzo rangi inaishia ghafla kama imekatwa na kisu, na jicho linadaka ule mstari kabla hata ya kuona tofauti ya rangi. Halafu silva ndo rangi ngumu, ina vichembe vya aluminiamu ndani yake, ukipuliza karibu ikalowa vinazama inaonekana imekoza, ukipuliza mbali inafika imeshakauka vinabaki juu inang'aa kiweupe, yaani kopo moja linakutolea silva mbili. Ndo maana fundi mzoefu hahangaiki ifanane asilimia mia, anaififisha taratibu mpaka usijue mpya imeishia wapi.

Kabla ya yote hakikisha namba ya rangi. Fungua boneti utafute kibati kwenye ukuta wa nyuma ya injini, angalia palipoandikwa C/TR, kama ni 1F7 basi nunua 1F7, usinunue "silva ya Toyota" kwa kuangalia kifuniko cha kopo. Puliza kwanza kwenye kipande cha bati, pitisha na klia (ile rangi angavu ya juu inayoleta mng'ao) maana bila klia silva inadanganya, ikikauka kiweke kwenye fenda juani na kivulini ulinganishe.

Sasa kazi. Osha kwa sabuni, futa mafuta na waksi yote. Kiraka kisugue kwa msasa namba 400 mpaka ukipitisha kidole umefumba macho usisikie ngazi, malizia na 800, halafu fenda nzima isugue na 1000 kwa maji ife mng'ao. Palipotokea chuma piga praima, yaani rangi ya msingi, siku hiyo hiyo, hewa ya bahari hapo kwenu haisubiri. Tepu na magazeti weka mlangoni, kwenye taa na tairi tu, katikati ya fenda usiweke hata kipande. Puliza mkono wa kwanza wa rangi, yaani tabaka la kwanza, mwembamba juu ya praima tu, subiri dakika 10 hadi 15, wa pili uzidi wa kwanza kama kiganja kimoja, wa tatu uzidi tena, na kila ukifika pembeni geuza kiwiko kama unafagia kwenda nje ili rangi ipungue yenyewe. Klia sasa ndo inakwenda fenda nzima, toka taa mpaka ukingo wa mlango, usiikatishe njiani hata kama kopo linaisha, bora ununue makopo mawili kabisa.

Anza kama saa nne asubuhi umande ukiwa umekauka. Mvua ikiwa imetoka kunyesha acha, klia itapiga ukungu mweupe. Na tafadhali sana, klia ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha) ina kemikali ya isosayaneti, inaharibu mapafu na barakoa ya kitambaa haiizuii, kwa hiyo nyumbani penye watoto tumia ya kopo isiyo na hadina.

SWALI: Yangu ni Toyota nyeupe ya lulu, namba ya rangi 070, imedonolewa na mawe kwenye boneti. Nifanye hivyo hivyo? Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana ndugu yangu, usipulize. Hiyo ina tabaka tatu, nyeupe, lulu, halafu klia, na ukizidisha lulu kidogo tu boneti linageuka rangi ya maziwa yaliyolala, mpelekee fundi mwenye kompresa. Vidonda vidogo chukua kijiti cha meno, chovya kwenye rangi, tone moja moja katikati ya shimo, acha likauke uongeze lingine.