Weka Hiyo Spiriti Mbali na Santuri za Babu

Juzi msomaji mmoja wa Mombasa kaniandikia: karithi santuri kumi na mbili za taarabu ya kale, je, azipanguse kwa spiriti? Nimeshtuka nusura nimwage chai. Najibu hadharani, maana sote tunaopita hapa hamu yetu ni moja: kuisikia fidla ya zama zile kana kwamba mpigaji kakaa barazani kwetu.

Mimi yangu niliiua kwa mkono wangu. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika, za enzi za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, si plastiki. Ni lakiri, utomvu wa wadudu, iliyochanganywa na unga wa mawe. Na lakiri huyeyuka kwenye spiriti! Sikuuliza mtu. Nililowesha pamba, nikasugua kwa raha zangu, nikaona weusi unatoka, nikajisifu: uchafu huo! Kumbe nafuta fidla, nafuta udi, nafuta na mwimbaji. Mjomba aliponiuliza ile santuri ya marehemu baba yake, nilisema ipo. Uongo ule bado unaniwasha.

Zilizobaki nilizisafisha kwa maji ya betri, yale matupu yasiyo na asidi, na kitambaa laini, bila kulowesha karatasi ya katikati. Sindano nayo nilibadilisha, kwa kuwa mifereji ya 78 inataka sindano pana takriban mara tatu ya ile ya santuri za plastiki.

Halafu nikaharibu tena, safari hii kwenye kompyuta, nilikohamishia sauti ya santuri. Nilichuja mikwaruzo mpaka pakawa kimya, na fidla ikalia kama mbu ndani ya chupa. Ukali wa uta wa fidla na mchakacho wa santuri vinakaa pamoja. Ukifukuza kimoja, cha pili kinafuata. Ndiyo maana nasema chuja kidogo, kisha punguza hata hicho kidogo. Vijana mna haraka. Mnataka sauti ing'ae kama sufuria ya harusi. Acheni!

Mwezi uliopita nilimchezea Mjomba santuri moja niliyoiachia mikwaruzo yake. Alifumba macho, vidole vikagonga mkono wa kiti. "Huyo ndiye anapiga fidla," akasema. Kisha akauliza tena ile nyingine.

Ndugu wa Mombasa, usiguse kitu. Zisimamishe wima, na spiriti irudi jikoni.