Scott City hadi Ness City kwa baiskeli: gia ipi, maji kiasi gani?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naishi Wichita, Kansas, huku Marekani, lakini nimekulia Shinyanga, kwa hiyo baiskeli si ngeni kwangu. Mwezi wa sita nataka kuendesha peke yangu kutoka Scott City hadi Ness City kwa barabara namba 96, nilale huko, kesho yake nirudi. Gia yangu ya mbele ni moja tu, meno 44. Nyuma ni 11 hadi 32. Rafiki yangu anasema ya mbele niweke ndogo zaidi. Mimi naona ni kutupa hela, maana kule ni tambarare tupu, na hata upepo ukinizuia nikienda, si utanisukuma nikirudi? Halafu maji nibebe kiasi gani?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Rafiki yako msikilize.

Ni kweli milima hakuna. Tena ukielekea mashariki ardhi inashuka: Scott City iko mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, Ness City karibu 700. Mteremko huo umetandazwa kwenye kilomita 88 au zaidi kidogo, kwa hiyo mguu hauusikii. Kinachosikika ni upepo, na kule hakuna mti wala nyumba ya kuukata. Ni mashamba ya ngano na mtama pande zote.

Tuanze na hilo la kwenda na kurudi, kwa sababu linadanganya wengi. Hewa inayokupiga usoni ikiongezeka mwendo mara mbili, inakuzuia mara nne. Nimekupigia hesabu ya mtu wa kawaida anayetoa wati 100 kwenye pedali, yeye na baiskeli na mzigo kilo 110 jumla. Hewa ikitulia anakwenda kilomita 20 kwa saa, au zaidi kidogo. Upepo wa kilomita 22 kwa saa ukimjia usoni, na kwa Kansas huo ni upepo wa kawaida tu, anashuka hadi 11. Ukimtoka mgongoni anafika 34. Sasa gawanya safari yako: kwenda saa nane, kurudi saa mbili na nusu na ushei, jumla zaidi ya saa kumi na nusu. Siku mbili za hewa tulivu zingekuchukua kama saa nane na nusu. Huwezi kulipwa ulichopoteza, kwa kuwa kwenye shida unakaa saa nyingi na kwenye raha unapita haraka. Na hapo tumejifanya kwamba upepo utakusubiri pale pale hadi kesho.

Kiangazi upepo wa huko hutoka zaidi kusini na kusini-mashariki, wakati 96 inakwenda mashariki na magharibi. Kwa hiyo mara nyingi utakuwa unakupiga ubavuni, na huo nao una gharama: kwa hesabu ile ile, wa ubavuni kabisa unakurudisha kwenye 18. Ukielekea Ness City utakuwa upande wa kusini wa barabara, upepo ukikusukuma kuingia njia ya malori. Ukirudi, unakusukuma nje ya lami, na hapo ndipo pa kuangalia sana: lori likikupita linakukinga ghafla, wewe ulikuwa umeuegemea upepo, unajikuta unalivutikia. Shika usukani kwa mikono yote miwili ukisikia mngurumo nyuma, viwiko vilegee.

Turudi kwenye gia. Kwa 44 mbele na 32 nyuma, ukienda kilomita 11 kwa saa miguu inazunguka mara 60 hivi kwa dakika. Dharuba ikikushusha hadi nane, inabaki kama 45. Baiskeli zetu za Shinyanga za gia moja tulizisukuma hivyo hivyo, najua, lakini hatukukaa juu yake saa nane mfululizo bila kuteremka. Magoti ndiyo yatakayolipa. Weka ya meno 36: kwa mwendo ule ule wa 11 utazungusha mara 75, na upepo ukikugeukia mgongoni, 36 mbele na 11 nyuma inatosha kukimbia kilomita 38 kwa saa bila miguu kupapatika. Hutapoteza chochote unachokihitaji.

Kabla hujanunua, ifungue gia ya sasa upime kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu ya skrubu. Likiwa milimita 130, meno 38 ndiyo mwisho wake, basi chukua hiyo 38. Likiwa 110, hata 34 inaingia. Omba yenye jino nene na jembamba kwa kupishana, maana kwa gia moja ya mbele ndiyo inayoshikilia cheni isiruke. Ukitoka 44 kwenda 36 punguza cheni inchi mbili, vinginevyo italegea ukiwa kwenye gia ndogo za nyuma.

Hela itakayobaki usiitupe kwenye vipuri vyepesi. Ukiinama tu na kukunja viwiko, penye upepo wa usoni unapata zaidi ya kilomita moja kwa saa, bure. Na koti linalopepea, lifunge.

Tairi ziwe za milimita 35 au zaidi, zenye ukanda wa kuzuia miiba. Mbigili unazijua toka nyumbani. Kansas ziko vile vile, pembeni ya lami na kwenye nyasi za bustani unapoegesha. Baiskeli ibebe, usiiburute nyasini. Ukipata pancha, usiridhike na kutoa mwiba uliouona: pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, kitanasa kwenye ncha nyingine iliyobaki kabla haijatoboa tyubu mpya.

Maji sasa. Scott City hadi Dighton ni kama kilomita 39, Dighton hadi Ness City kama 50. Katikati ya kipande hiki cha pili kuna Beeler, ambako George Washington Carver, yule mwanasayansi wa karanga, alichukua shamba mwaka 1886. Simama usome kibao chake, ila maji usiyategemee pale. Kwenye joto hesabu robo tatu ya lita kwa saa. Toka Scott City na lita tatu, toka Dighton na nne, na chumvi kidogo kwenye chupa moja.

Ondoka saa kumi na mbili kamili asubuhi, taa zikiwaka. Upepo huwa mdogo alfajiri. Jua likipasha ardhi, hewa ya juu yenye kasi hushuka. Alasiri ndiyo ya radi na mvua ya mawe, na huna pa kujificha. Usidanganywe pia na maghala marefu ya nafaka: utaliona la mji ukiwa bado kilomita 15, na kwa upepo wa usoni hiyo ni zaidi ya saa nzima.

Dighton ndipo pa kuamua. Ukifika saa mbili au mbili na nusu, jaza chupa uendelee. Ukifika saa tatu na nusu, maana yake umekwenda kwa 11, na kilomita 50 zilizobaki zitakutoa saa nane mchana au baadaye, upepo ukiwa umezidi. Hapo lala Dighton.