Slasha ya trekta kwa magugu marefu: futi 5 au futi 6?

SWALI: Nina ekari 12 karibu na Mafinga. Sehemu moja nimepanda parachichi, nyingine imelala miaka mitatu. Mabingobingo yamenipita kichwa, na machipukizi ya miwati mengine yamefikia unene wa mpini wa jembe. Trekta langu ni Massey Ferguson 240. Muuzaji ananishauri slasha ya futi 6 ili nimalize haraka. Nichukue?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Chukua ya futi 5, ila iwe nzito.

Hesabu ianzie kwenye PTO, ule mhimili wa nyuma ya trekta unaozungusha slasha, si kwenye boneti. Trekta lako ni la hp (nguvu za farasi) 50 hivi kwenye injini. Mpaka nguvu ifike kwenye PTO, asilimia 10 hadi 15 imeshaliwa njiani. Mafinga nako ni juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) hupumua hewa nyepesi. Toa asilimia 10 nyingine au zaidi. Unabaki na hp 38 hivi. Nyasi za kawaida hutaka hp 5 za PTO kwa kila futi ya upana. Kwa mabingobingo na miti michanga weka 7. Futi 6 zinataka hp 42, ambazo huna. Futi 5 zinataka 35, na unabaki na akiba ndogo ya kupandia mwinuko.

Slasha iliyozidi nguvu ya trekta haikati, inapigapiga tu. Mzunguko wa PTO ukishuka sana chini ya 540 kwa dakika, kisu kinachana shina badala ya kulikata, majani yanashindiliana chini ya bodi, na giaboksi inachemka hadi sili zinaanza kuvuja.

Ubaya wa futi 5 upo: tairi za nyuma zitatokeza nje ya mkato na kulaza magugu. Wengine hugeuza rimu ili kubana tairi. Kwenye miteremko ya Mufindi sikushauri, maana trekta linakuwa jepesi kupinduka. Afadhali kila mkato upande juu ya uliotangulia kwa sentimita 30.

Dukani, uliza kwanza slasha imetengenezwa kukata shina la unene gani. Nyepesi huishia sentimita 2.5. Mpini wa jembe ni kama 4, kwa hiyo tafuta ya daraja la kati, inayofika 5. Kisha iinuliwe, uangalie chini (iwekewe magogo, usiingie chini ya mashine inayoning'inia). Visu viwe vimefungwa kwenye sinia la chuma linalopanda juu ya kisiki, na vikunjike kwa uhuru vikigonga kitu kigumu. Minyororo ya kuzuia mawe iwepo mbele na nyuma.

Kinga ya giaboksi ni bolti ya kukatika au klachi ya kuteleza (sahani zilizobanwa kwa springi, huteleza mzigo ukizidi). Bolti ni rahisi, lakini fundi akiweka ngumu kuliko iliyotajwa kwenye kitabu cha mashine, kitakachokatika ni gia. Kwa shamba lenye visiki, mimi ningelipia klachi. Adui yake ni kutu: ikikaa masika yote bila kazi, sahani zake hugandana na kinga inakuwa jina tu. Kabla ya msimu, pima urefu wa kila springi na uandike. Legeza nati zote mizunguko miwili, chora mstari wa chaki ukikatiza sahani, kisha washa PTO kwa mwendo mdogo wa injini, sekunde 2 au 3. Zima injini, subiri kila kitu kisimame, uangalie. Mstari ukikatika, sahani zimeachana. Kaza nati hadi springi zirudi urefu ule ule. Usipokatika, fungua klachi, usugue kutu.

Shafti ya PTO ikatwe kwa kipimo cha trekta lako. Ikiwa fupi kabisa, ibaki nafasi ya sentimita 2.5 au zaidi. Ikigota inasukuma beringi za giaboksi. Oili ya giaboksi ni SAE 90, hadi usawa wa tundu la kupimia.

Siku ya kazi, tembea shambani kwanza na uweke alama penye vichuguu, mawe, na hasa visiki vya miwati vilivyokatwa mshazari kwa panga; hivyo hutoboa tairi kama msumari. Mkato wa kwanza uwe juu, sentimita 30 hadi 40, gia nzito, kilomita 2 hadi 4 kwa saa, injini kwenye alama ya PTO 540. Rudia chini, sentimita 10 hadi 15, mbele ya slasha ikiwa chini kuliko nyuma kwa sentimita 1 au 2 ili isikate mara mbili. Ncha ya kisu hukimbia zaidi ya mita 70 kwa sekunde, na jiwe likirushwa hufika mbali: watu na ng'ombe wakae mita 100.

Kwenye mistari ya parachichi usisogelee shina. Acha mita moja kila upande, umalizie kwa fyekeo la mkono.