Mtoto akikudokeza jambo: barua kwa mwanangu

Mwanangu Bakari,

Umeniuliza ufanye nini, kwa kuwa kijana wa miaka 12 unayemfundisha mpira amekudokeza kwamba mjomba wake humfanyia mambo mabaya usiku, kisha akakusihi usimwambie mtu. Nakujibu kama mama, na kama muuguzi niliyewahi kupokea watoto wa namna hiyo.

Msadiki, na umwambie waziwazi kwamba hana kosa lolote. Usimwulize kwa nini hakupiga kelele, maana swali hilo humfunga mtoto mdomo. Wala usimwahidi siri, bali mweleze kwamba utawashirikisha wachache watakaomlinda. Vile viatu vipya alivyonunuliwa na mjomba vinanitia uchungu, kwani ndivyo wafanyavyo: huanza na zawadi, ikafuata siri ndogo, hadi mtoto akaamini kwamba naye ameshiriki. Wafundishe vijana wako wote kwamba zawadi inayokuja na "usimwambie mama" isemwe siku hiyohiyo.

Wavulana hunyamaza kwa aibu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 nchini Tanzania ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Ajue hayuko peke yake.

Ikiwa tukio la mwisho halijapita saa 72, afikishwe hospitali leo hii, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzishwa ndani ya muda huo. Asioge kwanza, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwani nailoni hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Hata saa hizo zikipita, aende. PF3, yaani fomu ya polisi ya kupelekea hospitali, utaipata polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure.

Ninachokiogopa zaidi ni kikao cha ukoo. Watakusihi yamalizwe kinyumbani, mjomba alipe faini na aibu ifunikwe, ilhali mtoto anaendelea kulala nyumba moja naye. Usikubali, na usimkabili mjomba wewe mwenyewe, maana akishtuka atamtisha mtoto ayakane maneno yake. Mwone ofisa ustawi wa jamii.

Kupona kutachukua muda, na huenda akawa mkali au akakojoa kitandani. Usimwonee huruma mbele ya wenzake. Mpange namba yake ya siku zote. Ukishaonana na ofisa huyo, nipigie saa yoyote.

Mama yako