Sanaa ya Kuguswa: Maswali na Majibu

Nimesikia kuna msanii anayemwaga matofali ya kuchezea mezani na kuyaita sanaa. Ni nani huyo? (Msomaji, Morogoro)

Bila shaka unamkusudia Olafur Eliasson, msanii wa Denmark mwenye asili ya Iceland. Mwaka 2005 alipeleka tani 3 za matofali meupe ya Lego katika uwanja wa wazi mjini Tirana, Albania, akaweka meza ndefu na kuwaachia wapita njia wajenge mji wanaoutamani. Mwaka 2015 kazi hiyo ilifika New York, kwenye High Line, reli ya juu ya zamani iliyogeuzwa kuwa bustani. Huko ofisi kadhaa za wasanifu majengo zilialikwa kujenga kwanza, kisha umma ukaruhusiwa kuyabomoa majengo yao na kuyaunda upya. Matofali yote yalikuwa meupe, na nadhani uamuzi huo ndio uliobeba kazi nzima, kwa kuwa mchezaji hashughuliki na mapambo bali anabaki na umbo tu. Unakuta mnara ulioachwa na mtu usiyemjua, unachomoa matofali machache kwa ajili ya daraja lako, na baada ya saa moja mwingine anachomoa ya kwako.

Kila mtu akigusa, kazi haiharibiki? (Msomaji, Mombasa)

Huharibika, na msanii makini huupangia uharibifu huo nafasi yake tangu mwanzo. Mwaka 2002, Yayoi Kusama wa Japani aliandaa kwa ajili ya watoto, katika Queensland Art Gallery ya Brisbane, Australia, chumba kilichopakwa rangi nyeupe kuanzia kuta hadi samani. Kila anayeingia hupewa stika za duara za rangi mbalimbali na kuzibandika anapotaka, hata weupe unamezwa kabisa.

Matatizo huanza pale mwaliko unapotolewa bila maandalizi. Mwaka 1971, Robert Morris alijaza ukumbi wa Tate Gallery, London, mbao za kupanda, kamba na magurudumu ya kusukuma. Watu walivichangamkia vifaa hivyo kwa nguvu kiasi kwamba baadhi yao waliumia, na maonyesho yakafungwa baada ya siku chache. Yalipojengwa tena mwaka 2009 katika Tate Modern, jumba la sanaa jijini humo humo, vifaa vilikuwa salama zaidi. Mimi sioni kosa katika uchangamfu wa watu wale, maana walifanya walichoalikwa kufanya.

Mbona kazi nyingine huwekwa ndani ya kioo ilhali ziliundwa ziguswe? (Msomaji, Nairobi)

Kwa sababu zimezeeka na bei zake zimepanda. Mfano unaonisikitisha kuliko yote ni wa Lygia Clark wa Brazil, ambaye kuanzia mwaka 1960 aliunda mabamba ya metali yaliyounganishwa kwa bawaba, aliyoyaita Bichos. Ukiinua bamba moja, mengine hujikunja upande usioutarajia, hivyo umbo linatokana na mashauriano kati ya mkono wako na zile bawaba. Ndani ya kioo, sehemu hiyo yote haipo. MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, ilifanya vyema mwaka 2014 ilipowapa wageni nakala za kushika, na ningependa kila makumbusho yenye kazi hizo yaige hatua hiyo.

Shule yetu haina fedha. Tunaweza kufanya lolote? (Mwalimu, Kigoma)

Mnaweza, Mwalimu. Mwaka 2007 Roman Ondák wa Slovakia alihitaji kalamu na ukuta mweupe tu: kila mgeni husimama ukutani, mhudumu huweka alama ya kimo chake na kuandika jina lake la kwanza pamoja na tarehe, na alama hizo hurundikana hadi kuwa utepe mweusi wenye msongamano mkubwa katikati.

Mkipenda vitu vya kushika, kusanyeni vizibo vya plastiki vya chupa za maji, vioshwe vizuri na kumwagwa juu ya mkeka mpana. Watoto wadogo sana wasiachwe peke yao navyo, kwa kuwa huvitia mdomoni. Wekeni sharti moja tu, kwa mfano kwamba kila mtu aendeleze kazi aliyoikuta badala ya kuanza yake. Kisha walimu nao waketi mkekani, kwani watoto wakiona mkubwa amesimama pembeni akiwatazama, watadhani wanapimwa.